Nilichora kichwa nisichokiona

"Fundi," aliniambia Bi Mkubwa siku ya kwanza nilipokwenda kumchora ili nimfinyange sanamu, "mimi nimejiandaa kwa nyundo na patasi, hadi mkeka nimeukunja usije ukachafuka. Kumbe umekuja na penseli kama mtoto wa darasa la pili."

Sikuwa na la kujibu. Nilifungua mkebe wangu sakafuni, nikatoa HB moja, 2B tatu, 6B iliyobaki nusu kidole, kifutio na wembe wa kuchongea. Kweli vilikuwa vitu vya shule. Na yeye alikuwa amefundisha Kiswahili miaka 35. Penseli anazijua kuliko mimi.

Marehemu baba naye angecheka. Baba alikuwa mchongaji wa Kimakonde, mtu wa Newala aliyehamia Dar es Salaam na kuishia Mwenge kwenye vinyago. Maisha yake yote sikuwahi kumwona akichora. Alikuwa anageuza gogo la mpingo mara mbili tatu, analipapasa, anakaa nalo kimya kama mtu anayesubiri mgeni aongee kwanza, kisha tezo inaanza. Mpingo una ganda jeupe nje na moyo mweusi ndani, mzito hata ukiutumbukiza majini unazama. Ukikata umekata, hakuna kurudisha. Kwa baba hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kutochora: mchoro unakupa uongo kwamba unajua gogo lina nini. Mimi nilikwenda Bagamoyo kusoma sanaa, nikarudi na udongo, jasi na penseli. Akasema nimesafiri kwenda kujifunza kufinyanga vyungu. Tulicheka wote, ila yeye alicheka kidogo.

Waliotaka sanamu ya Bi Mkubwa ni wanafunzi wake wa zamani. Walikuwa na kundi lao la WhatsApp, wengine wako Dar, wengine Arusha, wawili watatu Muscat, wakachangishana ili mwalimu wao, mtunzi wa mashairi na hadithi za watoto, awekewe sanamu ya kichwa na mabega kwenye maktaba ya shule aliyostaafia. Mimi nilipigiwa simu kwa sababu bei yangu ilikuwa ndogo kuliko za wengine. Nikapanda basi la Tanga, kilomita kama 350, nikafikia kwa rafiki yangu Ngamiani, na kila siku baada ya sala ya alasiri nikawa naenda kwake.

Jina lake silitaji. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alisema, "Andika, ila jina langu liache, lina kazi nyingine." Mtaani wanamwita Bi Mkubwa. Wakati ule alikuwa na miaka 74.

Tulianza kwa kutoelewana.

"Nywele zangu huzioni," alisema, akikaza ushungi. "Tuambizane mapema."

"Sihitaji nywele, Bi Mkubwa. Nahitaji fuvu."

Mjukuu wake, binti wa chuo aliyekuwa anakaa nasi kila kikao, aliinama akicheka kwenye khanga yake. Bi Mkubwa alinitazama muda. "Kuna watu wamejaaliwa kuongea na wazee," akasema.

Nilikuwa nimekosea maneno, lakini shida yenyewe ilikuwa ya kweli. Mchoraji wa rangi akikutana na mwanamke aliyejifunga ushungi, anachora ushungi, kazi imekwisha. Mfinyanzi wa sanamu hawezi. Kitambaa hakina umbo lake chenyewe, kinaazima umbo la mfupa ulio chini yake. Usipojua kisogo kimebinuka kiasi gani, utosi uko juu wapi, shingo inaingiaje kichwani, ushungi wako utakuwa mfuko wa unga uliowekwa sura mbele. Nimeziona sanamu za namna hiyo, na nyingine, Mungu anisamehe, nimezitengeneza mimi.

Kwenye begi nilikuwa na fotokopi moja iliyochakaa, niliyoibeba tangu Bagamoyo: mchoro wa penseli wa Alberto Giacometti. Huyu alikuwa mchongaji na mfinyanzi wa sanamu kutoka Uswisi, alizaliwa mwaka 1901, akafanya kazi Paris katika chumba kidogo mtaa wa Hippolyte-Maindron kwa karibu miaka 40. Mwaka 1946 alimchora kwa penseli mwandishi Simone de Beauvoir, na katika kipindi hichohicho akamfinyanga kichwa kidogo sana, cha kukaa kiganjani. Miaka ile Simone de Beauvoir alipenda kujifunga kilemba, nami nilitaka Bi Mkubwa ajue kwamba si yeye wa kwanza kumpa fundi kichwa kilichofungwa.

Giacometti hachori kama sisi tulivyozoea, mstari mmoja safi unaozunguka uso kama uzio. Anaanzia katikati, kwenye mzizi wa pua na matundu ya macho, hapo mistari inapita, inarudi, inakatana, na kadiri unavyotoka kuelekea masikioni ndivyo inavyopungua, hadi ukingo wa kichwa unakuwa kama haujaamuliwa. Kifutio anakitumia kama penseli ya pili. Mahali alipofuta panang'aa kama mfupa. Ni mtu anayepima kina kwa mstari: pua iko karibu nami kiasi hiki, jicho limerudi nyuma kiasi hiki.

Bi Mkubwa aliishika ile fotokopi mbali na uso, kama wazee wanavyosoma. "Huyu amechorwa au amefungwa kamba?"

Nikamweleza kwamba wakati wa vita Giacometti alikuwa Geneva, na kila sanamu aliyoianza ilizidi kupungua mikononi mwake, hata inasimuliwa kwamba mwaka 1945 alirudi Paris na kazi zake ndani ya viberiti.

"Viberiti!" Akamrudishia mjukuu ile karatasi. "Mimi usinitie kwenye kiberiti. Watoto wamechanga pesa nyingi."

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa mbaya, tena mbaya kwa namna ya kupendeza, na huo ndio ubaya wa hatari. Nilimpa kalamu aishike. Nilimwomba atazame dirishani. Nikachora mwandishi: miwani, kidevu kimeinuka, jicho linaona mbali. Mjukuu akasema, "Waooh." Bi Mkubwa akasema, "Huyu namfahamu. Yuko kwenye kalenda."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimechora nilichokijua kabla sijapanda basi. Hata macho niliyaweka juu mno, kosa la kila anayeanza, kwa sababu tunadhani uso ndio kichwa. Ukipima, macho yapo karibu nusu kwa nusu kati ya utosi na kidevu. Paji na utosi vinachukua nafasi kubwa kuliko tunavyovijali, na vikifunikwa na ushungi ndiyo kabisa, tunavisahau.

Kilichonisaidia kikao cha pili ni mchele. Wakati nachonga penseli, Bi Mkubwa aliona muda unapotea, akaagiza ungo, akaanza kuchambua. Nilitaka kumwomba auweke chini. Kisha nikaona uso wake. Midomo ilikuwa imebanwa upande mmoja tu, wa kushoto. Kope zilishuka, lakini nyusi zilipanda, kwa hiyo ngozi ya juu ya jicho ilivutika ikawa nyembamba. Kila alipopata kijiwe, kabla hajakitoa, pua ilipanuka kidogo. Nikamuuliza mjukuu kwa sauti ya chini, "Akiandika anakuwaje?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Hivyohivyo." Nikaitupa kalamu ile ya kuigiza na sikumpa tena.

Kuhusu fuvu, suluhisho lilitoka kwake mwenyewe. Siku ya tatu nilimpa mjukuu bikari yangu kubwa ya mbao, nikamwonyesha namna ya kupima, wakaingia ndani wakafunga mlango. Walitoka na tarakimu: sikio hadi sikio, sentimita 14 na nusu, paji hadi kisogo, 18. Nzuri, lakini tarakimu mbili hazitengenezi kichwa. Kesho yake nilipofika nikakuta daftari la mistari limewekwa juu ya kiti changu. Alikuwa amekaa usiku, amejipapasa kichwa, na ameandika alichokikuta.

Ninayo nakala yake. Inaanza hivi: "Kisogo changu kimebinuka. Nilipokuwa mchanga mama alinilaza chali ili kilale, hakikulala. Ukianzia utosini ukishuka kwa kidole, unateremka taratibu, kisha unaingia kibonde upana wa kidole gumba; hapo nilianguka toka kwenye mwembe nikiwa darasa la tatu. Nyuma ya masikio mfupa ni mkali, miwani imeuchubua. Shingo inaingia kichwani kwa mshazari, kama mpini unavyoingia kwenye jembe." Kurasa mbili na nusu. Hakuna neno "zuri" wala "baya" hata moja. Kila sentensi ina mahali, mwelekeo na kipimo, na kipimo chake ni cha mkono: kidole, kiganja, shubiri.

Nilikaa pale barazani nikachora upande wa nyuma wa kichwa kutoka kwenye maneno, huku mbele yangu kuna ushungi wa rangi ya zambarau usioonyesha kitu. Kila nilipomaliza sehemu nilimwonyesha, naye anaweka mkono nyuma ya kichwa, anapapasa, anasema, "Zidisha," au "Hapo umetia chumvi." Sijawahi kufundishwa anatomia vizuri kuliko pale. Nimeona wenzangu wengi wanaopenda kusema sanaa haielezeki kwa maneno. Mimi tangu siku ile nikisikia hivyo nakaa kimya tu.

Vikao vyote vilikuwa kumi na michoro iliyofaa ilikuwa saba: mbele, pande mbili za ubavu, miwili ya robo tatu, yaani uso umegeuka kidogo upande, mmoja wa nyuma, na mmoja wa juu ambao nilisimama kwenye stuli. Watu huuliza kwa nini nisipige picha kwa simu. Nilipiga. Simu ukiisogeza karibu na uso inavimbisha pua na kuyafanya masikio yakimbilie nyuma. Ukifinyanga kwa picha hiyo unapata mtu anayechungulia tundu la mlango. Ukirudi mita mbili tatu picha inatulia, lakini bado ni upande mmoja, na haikwambii kipi kimegeuka kutoka kwako na kipi kinakuja. Penseli ya mfinyanzi haijali sana mwanga na kivuli. Inauliza tu: hapa nyama inakunja wapi?

Na timazi. Nilifunga uzi kwenye fremu ya dirisha, chini nikaning'iniza nati ya boliti, ukawa unapita mbele yangu kati yangu na uso wake. Kwa uzi huo unajua kama mzizi wa pua uko sawa na kidevu, na kama sikio moja liko chini kuliko jingine. Karatasi zangu zote zina huo mstari wima. Naomba msomaji aukumbuke.

Kulikuwa na neno jingine ambalo siwezi kulipita. Kikao cha nne alikuja kaka yake, mzee wa kofia nyeupe, akasalimu vizuri, akanywa kahawa, kisha akasema sanamu ya chenye roho haifai, hasa chenye kivuli. Alisema kwa upole, bila kunitazama mimi. Bi Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho. Akajibu kwamba haitakaa nyumbani kwake, na waliotaka ni watoto wa watu. Kisha akasema jambo ambalo nililiandika pembeni ya karatasi: "Miaka yote nimefundisha utendi wa Mwana Kupona. Alitunga mwaka 1858 kumuusia binti yake. Tunajua alivyomfundisha kumpepea mume akilala. Watoto wananiuliza, mwalimu, alikuwaje? Sina hata pua ya kuwaonyesha." Kaka yake akasema Mwana Kupona amejulikana bila pua. Hakuondoka ameridhika, na mpaka leo hajaridhika, na tukikutana ananiitikia salamu kwa heshima zote. Mimi sina elimu ya kuamua kati yao.

Kikao cha tano alichoka. Si mwili. "Nimechoka kutazamwa," alisema. Nikamsimulia habari ya Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza, ambaye mwaka 1931 alikubali kumketia mfinyanzi Stephen Tomlin kwa shingo upande. Alichukia kutazamwa vile. Vikao vikakatika baada ya vichache tu, Tomlin akabaki na kichwa ambacho hakikulainishwa, macho ni mashimo matupu, alama za vidole bado zipo. Nakala yake moja ipo kwenye bustani ya nyumba ya mwandishi kijijini Rodmell, na tangu mwaka 2004 nyingine imesimama Tavistock Square, London.

"Kwa hiyo kuchoka kwake kumebaki palepale kwenye shaba," alisema Bi Mkubwa.

"Ndiyo."

"Basi leo nenda nyumbani, fundi. Usije ukanitia kuchoka kwangu."

Nikaenda. Toka hapo tukakubaliana dakika 20 za kazi, kisha chai, kisha 20 nyingine. Kwenye chai nilikuwa naongea sana. Naomba hilo nalo likumbukwe.

Baada ya kikao cha kumi alisafiri kwenda Muscat, binti yake alikuwa anajifungua. Miezi mitatu. Mimi nikarudi Dar na karatasi saba na daftari, nikaanza udongo kwenye banda langu.

Nilifanya kosa la kijinga ambalo ningemkaripia mwanafunzi kwalo. Kiunzi cha ndani nilikisuka kwa waya mwembamba kwa sababu ndio uliokuwepo, na sikuning'iniza ile misalaba midogo ya mbao inayoshika udongo ndani ya fuvu usiteremke. Kilo kama 25 za udongo mbichi. Siku ya tisa niliufunika kwa magunia yaliyoloa, nikaenda kulala nikijisifu. Asubuhi nilikuta kichwa kimeanguka kifudifudi sakafuni, na uso umebaki bapa kama chapati. Kilichosimama ni waya, umepinda, kama mtu anayeomba radhi.

Nilikaa juu ya ndoo saa nzima. Mwenye uso yuko ng'ambo ya bahari, pesa ya kwanza imekwisha, na wanafunzi wake kwenye WhatsApp wanaandika, "Fundi, tunaomba maendeleo." Nilijikumbusha habari ya mchoraji Picasso alipokuwa anamchora mwandishi Gertrude Stein: baada ya vikao vingi sana Picasso alifuta uso wote mwaka 1906, akaenda Hispania, aliporudi akauchora bila hata Stein kuketi tena. Hainifariji sana habari hiyo. Yeye alikuwa Picasso, na rangi haianguki usiku.

Nikanunua waya mnene, nikafunga misalaba, na kabla ya kugusa udongo nikabandika karatasi zote saba ukutani, usawa wa macho, ile mistari wima ya timazi ikiwa imenyooka sambamba. Barazani nilikuwa nazitazama moja moja. Sasa niliziona pamoja kwa mara ya kwanza.

Hazikupatana.

Kwenye ule wa mbele, ulioanzwa siku ya mchele, uzi ulishuka kutoka katikati ya paji, ukapita puani, ukatua katikati ya kidevu. Kwenye robo tatu ya kulia, na hata kwenye ule wa nyuma, kichwa kilikuwa kimelala. Si sana, labda upana wa penseli, lakini kila mara upande uleule: sikio la kulia linakuja mbele na kushuka, kidevu kinakimbilia kushoto. Mwanzoni nikajilaumu, nikadhani uzi ulikuwa umepigwa na upepo. Nikaanza kusoma vile vimaandishi ninavyoandikaga chini ya karatasi, saa na hali ya siku. "Anachambua mchele." "Anasimulia safari ya Pangani." Hizo zilinyooka. "Nimemweleza habari za Woolf." "Namweleza kuhusu baba." Hizo zililala.

Akiongea yeye, kichwa kimenyooka. Nikiongea mimi, kinalala.

Nilimpigia mjukuu. Nikamuuliza sikio la kushoto la bibi likoje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Umejuaje? Hilo halisikii kitu. Miaka mingi. Hajamwambia mtu, tafadhali usimwambie nimekwambia." Siku kumi nimekaa mita mbili kutoka kwake, nimemweleza habari za watu wa Paris na London, na sikuwa nimegundua kwamba kila neno langu alikuwa analitegea kwa sikio moja. Macho yangu hayakuona. Mkono uliona, ukaandika, na haukuniambia.

Nilifinyanga kichwa kilicholala. Niliona hakuna kingine cha kufanya. Kilipata uhai ambao cha kwanza hakikuwa nao, hata kijana anayenichanganyia jasi, ambaye hasifii kitu, alisimama mbele yake akasema, "Huyu mama kama ananiuliza kitu." Shingo upande mmoja ilikuwa na mshipa umetokeza, upande wa pili mikunjo mitatu ya ngozi. Siku nne usiku na mchana. Kisogo nilikifuata kwenye daftari sentensi kwa sentensi, kibonde cha mwembe nacho nikakitia, ingawa kingefunikwa na ushungi wa udongo na hakuna ambaye angekiona.

Bi Mkubwa aliporudi kutoka Muscat alifikia kwa ndugu zake Dar siku chache, akaja bandani na mjukuu. Nilimwekea kiti. Hakukaa. Aliizunguka sanamu mara mbili, mikono nyuma, kama anavyopita kati ya madawati. Akasimama upande wa sikio la kulia.

"Huyu anamsikiliza nani?"

Nikaanza kusema kitu kuhusu uhai wa shingo. Akaniacha nimalize. Na nilipokuwa namaliza nikaona kichwa chake chenyewe kimelala, sawasawa na kile cha udongo, wanatazamana.

"Fundi," alisema, "watoto waliochanga pesa wanamjua mwalimu aliyesikia mnong'ono kutoka dawati la nyuma. Wengine walichapwa kwa ajili ya mnong'ono huo. Usiwaharibie. Ninyooshe."

Nikiri hapa kwamba nilibisha. Nilisema huo ndio ukweli. Akasema ukweli wake anao, hajaupoteza, na hajaniomba nimtunzie kwenye maktaba ya shule. Nilitaka kutaja Giacometti, kisha nikakumbuka viberiti, nikanyamaza.

Kunyoosha kichwa cha udongo si jambo la kusogeza kwa kiganja. Nilichukua waya mwembamba wenye vipini viwili, nikauzungusha chini ya taya, nikavuta kuelekea kwangu taratibu, shingo ikakatika kwa sauti ndogo kama ya sabuni ikikatwa. Kijana akashika kiunzi kwa koleo. Nikaupinda waya wa ndani, nikageuza kichwa kuelekea kulia, kidogo tu, nikaning'iniza timazi mbele yake hadi uzi ukatua katikati ya kidevu. Kisha nikajaza pengo, nikaufuta ule mshipa kwa kidole gumba. Mikunjo mitatu ikabaki miwili, pande zote sawa. Yeye alikaa muda wote huo, anatazama akikatwa shingo, anakunywa soda.

Nikaimwagia jasi nipate kalibu, nayo nikaitia nguvu kwa nyuzi za katani za Tanga, na ya mwisho ikawa ya saruji kwa sababu pesa ya shaba haikuwepo. Ipo maktabani. Imenyooka. Ni kazi nzuri. Wanafunzi walipiga nayo picha wakatuma kwenye kundi, mmoja akaandika, "Bado naiogopa."

Siku ya kuondoka bandani aliomba kitu kimoja, karatasi ya robo tatu ya kulia, ile iliyolala kuliko zote. Nilishangaa, nikamkumbusha maneno ya kaka yake. "Karatasi haina kivuli," alijibu, akaikunja ndani ya khanga.

Mwaka jana nilipita Tanga kumsalimu. Ameibandika kwenye chumba anachoandikia, juu ya redio, upande wa kulia wa kiti. Nilisogea nione kama unyevu umeuharibu mchoro. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa ubaoni, alikuwa ameandika: "Sikio limezidi. 7/10."

Nikamwambia kwa sauti ya juu, nikiwa upande wake wa kulia, kwamba uzeeni masikio yanarefuka, ni jambo linalojulikana.

"Nenda ukapime tena," alisema.